Sensa za mapipa zinasema "limejaa" wakati pipa ni tupu, na betri hazifiki siku 10: tunakosea wapi?

Fundi_Zamu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Tunasimamia mapipa 100 ya taka barabarani na kwenye makazi: 60 ya lita 1100 yenye magurudumu manne, na 40 ya lita 240. Lengo ni gari lisipoteze muda kwenye mapipa yaliyojaa robo huku mengine yanamwagika. Tumeanza majaribio kwa mapipa 12. Kila moja lina bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo) ya kujifunzia, sensa ya HC-SR04 inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti chini ya kifuniko, modemu ya 2G na betri moja ya 18650 ya mAh 3000. Kifaa kinaamka kila dakika 30, kinapima mara moja, kinatuma kwenye seva, kinalala.

Yanayotusumbua ni haya:

1. Pipa likishamwagwa, mara nyingi linasoma 100%. Si yote, na si kila siku, ila kwa mapipa makubwa ni karibu kawaida.
2. Betri inakufa siku ya 9.
3. Zile zinazosoma vizuri nazo hazijatusaidia. Kanuni yetu ni "pipa likifika 80% gari liende", na kilomita za gari zimeongezeka badala ya kupungua.

Kwenye msimbo tunatumia `pulseIn(ECHO, HIGH, 30000)`, yaani pima urefu wa pigo la pini ya ECHO, usisubiri zaidi ya milisekunde 30, halafu asilimia = (kina − umbali) / kina × 100. Kina ni sm 120 kwa pipa kubwa. Kabla ya kuagiza vifaa 88 vilivyobaki, nisaidieni.

---

Mwangwi amejibu:

Mkuu, tatizo la kwanza limo ndani ya mstari huo mmoja wa msimbo.

`pulseIn` isiposikia mwisho wa pigo ndani ya muda uliopangiwa, hurudisha 0. HC-SR04 nayo, ikikosa mwangwi, hushikilia pini ya ECHO juu kwa milisekunde 38 hivi, na wewe umekata kwenye 30. Kwa hiyo "sijasikia kitu" inageuka "umbali ni sifuri". Weka sifuri kwenye hesabu yako: (120 − 0) / 120, jibu 100%. Na pipa tupu ndilo lenye mwangwi dhaifu kuliko yote. Sakafu iko mbali, imeinama kuelekea tundu la kutolea maji, na mara nyingi kuna mfuko laini au boksi lililolala mshazari linalorusha sauti pembeni. Ndiyo maana mapipa makubwa ndiyo yanayokudanganya zaidi.

Rekebisha hivi. Sifuri, na umbali wowote ulio chini ya uwezo wa sensa, visihesabiwe kabisa. Pima mara 7, ukiacha angalau milisekunde 60 kati ya pigo na pigo ili mwangwi wa pigo lililotangulia usiingie kwenye linalofuata. Panga majibu kwa ukubwa, chukua la katikati. Yakibaki majibu halali chini ya 4, tuma alama ya hitilafu, tuseme 255, usitume asilimia. Alama hiyo usiidharau. Ikijirudia mchana kutwa kwenye pipa moja, mara nyingi kifuniko kimeachwa wazi na sensa inatazama angani au upande wa barabara.

Sasa umbo la mwale. Sauti ya HC-SR04 inatoka kama koni. Ukichukua nyuzi 15 kila upande wa mstari wa kati, kwenye kina cha sm 120 doa lake lina kipenyo cha sm 64 hivi. Kwa pipa la lita 1100 hilo linakaa vizuri ukiwa katikati. Kwa pipa la lita 240, ambalo linabana kadiri unavyoshuka, mwale unagusa ukuta kabla ya sakafu, na pipa tupu litasoma 30 au 40% milele. Huko tumia sensa ya leza ya aina ya VL53L1X. Inapima hadi mita 4, mwale wake ni nyuzi 27 kwa jumla, na unaweza kuubana hadi 15 hivi kwa kuchagua sehemu ndogo ya jicho lake. Udhaifu wake ni wa aina nyingine: uchafu kwenye kioo, utando wa buibui, na mifuko myeusi inayomeza mwanga. Kwa kina cha mita moja mifuko myeusi bado inasomeka. Utando wa buibui ndio mbaya, kwa sababu unasoma "limejaa" bila kuyumba. Ukiona pipa limekaa kwenye sm 3 kwa siku mbili mfululizo, huo ni utando au kioo kichafu, kafute.

HC-SR04 yenyewe ina matundu wazi mbele, na mvuke wa taka mbichi utaiua. JSN-SR04T, sensa nyingine ya sauti, haiingizi maji, lakini haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sm 20 hadi 25. Ukiifunga chini kabisa ya kifuniko, robo ya juu ya pipa la lita 240 hutaiona, na robo hiyo ndiyo unayoihitaji zaidi.

Joto pia hugusa kipimo cha sauti: kwa nyuzi 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwa nyuzi 50 chini ya kifuniko kilichopigwa na jua ni karibu 360. Kwenye sm 110 utakosea kama sm 5. Halikuumizi sana, ila weka kipima joto hata hivyo, kwa sababu ya moto. Pipa likipita nyuzi 65, au likipanda nyuzi 15 ndani ya dakika 10, kifaa kitume papo hapo bila kusubiri zamu.

Betri: siku zako 9 zinaendana na hesabu kikamilifu, kwa bahati mbaya. ESP32 peke yake ikiwa kwenye usingizi mzito hula mikroampea 10 hivi. Bodi ya kujifunzia hailali: regyuleta (kidhibiti volti), chipu ya USB na ile taa nyekundu vinaendelea kula. Ukijumlisha HC-SR04 isiyozimwa na kipandisha volti chake, chukua mA 12 mfululizo. Mara 24 ni mAh 288 kwa siku. Modemu ya 2G ikikaa hewani sekunde 25 kwa wastani wa mA 100, mara 48 kwa siku, inaongeza mAh 33. Jumla 321. Gawa 3000 kwa 321, unapata siku 9 na kitu.

Maana yake, ukibadilisha modemu tu na kuacha bodi ile ile, utapata siku moja zaidi. Shida ni usingizi.

Unachotakiwa kufikia ni mikroampea 20 wakati wa kulala, yaani mAh 0.48 kwa siku. Tumia moduli tupu ya ESP32 badala ya bodi, weka transista ya kukata umeme wa sensa kabisa, na regyuleta yenye mkondo mdogo wa kupumzika. Kupima kila saa na kutuma mara 6 kwa siku kwa LoRaWAN (redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo) hakuongezi hata mAh 0.2. Kwa jumla ya 0.65, betri ya lithiamu ya volti 3.6 aina ya ER14505 yenye mAh 2400 inatoa miaka 10 kwenye karatasi. Panga bajeti kwa miaka 5. Betri hizo zina tabia moja ya kujua: zikikaa bila kazi hujenga utando ndani, na ukivuta mkondo mkubwa ghafla volti huanguka na kifaa hujizima na kuwaka upya. Weka kapasita kubwa sambamba nayo, ambayo haivuji sana, ili pigo la kutuma litoke kwenye kapasita.

---

Kifuniko_Chini amejibu:

Naongezea kwenye mawasiliano na ufungaji, maana vifaa vingi vizuri hufia hapo.

2G ondokana nayo. Modemu yake huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi, na nchi nyingi zinazima mitandao hiyo. Chaguo zako ni mbili. LoRaWAN, ambapo unaweka vipokezi vyako juu ya majengo marefu, au NB-IoT, mtandao wa simu wa vifaa vidogo, ambapo unalipia laini kwa kila pipa lakini mnara si kazi yako. Kwa mapipa 100 yaliyo ndani ya eneo la kilomita chache, vipokezi 2 au 3 vya LoRaWAN vinatosha, na viwe angalau 2, ili kimoja kikizimika usiwe kipofu. Mapipa yakiwa yametawanyika mno, chukua NB-IoT, na hakikisha kampuni ya simu imewasha hali ya kulala ya PSM. Bila hiyo faida ya betri inapotea.

Kwenye LoRaWAN tazama kasi, ambayo hupangwa kwa viwango kuanzia SF7 (ya haraka) hadi SF12 (ya polepole). Ujumbe wa baiti 12 kwa SF7 unakaa hewani milisekunde 62 hivi. Kwa SF12 ni karibu sekunde 1.5, mara 24. Pipa lililo kwenye SF12 linakula betri na pia linabana wenzake. Tuma baiti 6 tu: umbali, joto, volti ya betri, baiti moja ya alama za hitilafu, na mbili za kuhesabu pipa limepinduliwa mara ngapi. Asilimia ihesabiwe kwenye seva. Siku ukigundua kina halisi ni sm 118 na si 120, utasahihisha sehemu moja badala ya kupanda ngazi mara 100.

Pipa la bati lililofungwa ni sanduku linalozuia mawimbi. Antena lazima itoke nje, juu ya kifuniko, hata kama ni kichwa bapa cha sm 3. Unapopima mawimbi siku ya kufunga, pima kifuniko kikiwa kimefungwa na kuna gari limeegeshwa mbele ya pipa, kwa sababu ndivyo litakavyokaa. Acha akiba ya angalau desibeli 10.

Gundi peke yake haidumu. Kifuniko kinagongwa kila siku. Boliti 2 za M5 zisizoshika kutu, nati zenye pete ya nailoni, na washa pana upande wa plastiki ili isipasuke. Kama mapipa yanaoshwa kwa bomba la presha, kasha la IP67 halitoshi: hilo limejaribiwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, si kwa kupigwa na maji makali. Tafuta IP69.

Na tafadhali, funga kamba fupi ya waya kati ya kifaa na kifuniko. Sensa iking'oka na kudondokea tumboni mwa gari, ile betri ya lithiamu inapondwa na bamba la kushindilia na inaweza kuwasha taka zilizomo, na nyuma ya gari kuna watu wamesimama. Kifaa kilichonyamaza baada ya gari kupita kitafutwe siku hiyo hiyo.

---

Fundi_Zamu ameandika:

Asanteni sana wakuu. Nimebadilisha msimbo ili sifuri isihesabiwe, na mapipa 7 kati ya 12 yameacha kusema 100% hapo hapo. Bado la tatu. Kwa nini kilomita zimeongezeka? Na je, kweli kila pipa linahitaji sensa?

---

Ratiba_ya_Gari amejibu:

Zimeongezeka kwa sababu 80% inaangalia leo tu. Pipa la kaskazini linafika 80 asubuhi, gari linakwenda. Mchana la jirani yake linafika 80, gari linarudi kule kule. Umegeuza gari la taka kuwa gari la dharura.

Swali la kuuliza ni "litajaa kabla ya gari kupita tena upande ule?" Chukua mapipa mawili, gari likipita kila siku 3. La kwanza liko 55% na linaongeza 20 kwa siku: 55 + 60 = 115, litamwagika. Limwagwe leo. La pili liko 80% lakini linaongeza 3 kwa siku: siku ya 3 litakuwa 89, acha. Kanuni yako inafanya kinyume kwa yote mawili.

Kasi ya kujaa ichukue kwenye wastani wa wiki 3 au 4 zilizopita, na kila siku ya juma ihesabiwe peke yake, kwa sababu siku za mapumziko hazifanani na za kazi. Ukishapata orodha ya yanayolazimika leo, ongeza majirani: pipa lililo kwenye njia ile ile lenye 45% na zaidi limwagwe tu. Kulisimamia ni dakika 1 au 2. Kulirudia kesho ni safari nzima.

Kupanga mpangilio wa vituo usifanye kwa macho. VROOM au OR-Tools ni programu za bure zinazofanya kazi hiyo, na OSRM inakupa muda wa barabarani kutoka ramani ya OpenStreetMap. Unaipa orodha, uwezo wa gari, saa za kazi, na mahali pa kumwaga. Kosa la kawaida ni kusahau safari ya dampo katikati ya zamu. Isipoingia kwenye hesabu, ratiba nzuri ya asubuhi inavunjika saa sita mchana.

Kuna kikomo ambacho sensa haitakuambia: umri wa taka. Taka za kuoza kwenye joto zisikae zaidi ya siku 3 au 4 hata kama pipa lina 30%. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na funza wako tayari kutoka kwenda kujificha ndani ya siku chache tu. Weka kanuni kwenye programu: pipa la taka mbichi likitimiza siku 3 tangu limwagwe, liingie kwenye orodha lenyewe. Pipa la karatasi au chupa halina haja hiyo.

Kuhusu kila pipa kuwa na sensa, hapana. Pipa linalojaa kila siku bila kukosa halihitaji kifaa kukuambia litajaa kesho. Kabla ya kuagiza, wape wafanyakazi wa gari karatasi ya wiki 3. Kila wanapofungua kifuniko waandike 0, 1, 2, 3 au 4, yaani robo ngapi, na 5 kama kuna taka zimewekwa pembeni. Kwa kila pipa tafuta wastani wa kujaa kwa siku na linavyoyumba. Likiyumba chini ya robo ya wastani wake, liwekee ratiba ya kudumu na uachane nalo. Yanayoyumba nusu ya wastani na kuzidi ndiyo yenye faida: vituo vya chupa na karatasi, bustani, maeneo ya mikusanyiko, mapipa ya pembezoni ambayo kuyafikia tu ni gharama, na yaliyochimbiwa ardhini ambayo ndani hayaonekani. Na hiyo 5 iandikeni kwa uaminifu. Sensa inaona ndani ya pipa tu. Mifuko 10 iliyorundikwa nje haiioni, na kwa mkazi anayepita hapo pipa hilo limejaa.

---

Mizani amejibu:

Aliyotangulia kusema Ratiba nayakubali, ila uwezo wa gari usiuweke kwa lita peke yake.

Gari la kushindilia la m³ 12 linaloshindilia mara 4 linabeba m³ 48 za taka zilizolegea. Ukigawa kwa lita 1100 unapata mapipa 43. Ndivyo programu itakavyopanga. Sasa taka mbichi zenye maji zina kilo 350 kwa m³, na tuseme gari linaruhusiwa kubeba tani 6. Hiyo ni m³ 17, yaani mapipa 15. Gari litazidi uzito kabla ya theluthi ya pili kuanza vizuri, na dereva atarudi dampo huku ratiba inasema bado. Kwa hiyo kila pipa liwe na kilo kwa lita za kwake, usitumie namba moja kwa mji mzima.

Namba hizo utazipata kwa kuweka mizani kwenye mikono ya kunyanyulia ya gari, na kibandiko cha kielektroniki kwenye kila pipa. Tumia vile vya masafa ya chini, kHz 125 au 134.2, vinavumilia maji na chuma kilicho karibu kuliko vile vya masafa ya juu. Kisomaji ni kimoja kwa gari, kibandiko hakina betri, na kila pipa likinyanyuliwa unapata saa, namba ya pipa na kilo. Kwa yale mapipa yasiyohitaji sensa, hii inatosha kabisa. Korea Kusini imetumia kwa miaka njia ya namna hii kwa mabaki ya chakula: mkazi anajitambulisha kwenye pipa, linapima, naye analipia kilo alizotupa.

Uzito huo huo unakusaidia kuikagua sensa. Pipa linalodai 90% kisha linatoa kilo 20 lina boksi limekwama juu au kioo kichafu.

---

Fundi_Zamu ameandika:

Nimeelewa. Basi naahirisha oda. Karatasi ya robo inaanza wiki hii. Swali dogo la mwisho: kifaa kitajuaje pipa limemwagwa? Kwa sasa tunategemea dereva kubonyeza kwenye simu, na husahau.

---

Kifuniko_Chini amejibu:

Weka kipima mwelekeo, LIS3DH inatosha, inakula mikroampea chache ikiwa macho wakati wote. Pipa la kunyanyuliwa kwa nyuma hupinduka kupita nyuzi 110. Ikikaa hivyo kwa sekunde 2 au zaidi, hesabu moja, subiri dakika 5 litulie, pima, tuma. Kifuniko nacho kikifunguliwa hadi nyuma hupita nyuzi 110, na sensa imefungwa humo, kwa hiyo pembe peke yake itakudanganya. Thibitisha kwa kipimo: iwe imeshuka angalau nusu ya ilichokuwa. Yakikubaliana yote mawili, pipa limemwagwa. Pembe ikionekana na kipimo kisishuke, ni mtu alifungua tu. Kipimo kikishuka bila pembe, kuna aliyetoa vitu kwa mkono, mara nyingi waokota chupa, na hapo saa ya umri wa taka isirudi sifuri, kwa sababu taka za kuoza bado zimo.

Mapipa yanayonyanyuliwa kwa kreni na kufunguliwa chini hayapinduki. Hayo tegemea kipimo na mtikisiko pekee.